Pweza wa Uwanjani

Bi Nane hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata asubuhi ya harusi yake, siku ambayo maji yalikupwa mpaka mwamba wote ukabaki wazi, na yeye, badala ya kutulia ndani apambwe, akachukua chuma chake akatokea mlango wa nyuma. Wageni walikaa. Bwana harusi alikaa, akasimama, akakaa tena. Ilipokaribia saa sita bibi harusi akarudi, nguo imemlowa mpaka kiunoni, pweza wanane wananing'inia begani kwenye waya, akawaambia waliokuwa wakimtafuta, "Nyie mnaweza kusubiri. Maji hayawezi." Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa subira. Aliendelea kusubiri hivyo hivyo miaka ishirini na minane, na tangu siku ile hakuna aliyemwita mkewe kwa jina lingine.

Sasa ana miaka sitini na kitu. Hicho kitu hakitaji, kama asivyotaja mambo mengine mengi. Anakaa nyumba ya vyumba viwili na kibaraza ambacho mwanawe, fundi baiskeli, amekijaza magurudumu, hata mgeni akija lazima avuke kwa kuinua miguu juu juu. Nyuma ya mlango kuna chuma chake, fimbo nyembamba ndefu kuliko mkono, iliyopinda kidogo mbele. Chini yake kuna ndoo na viatu vya plastiki vilivyoshonwa na kushonwa tena. Mwanawe aliwahi kumnunulia vipya. Alivivaa siku moja, akavirudisha, akasema vinampigia kelele pweza.

Na pweza, kwa asiyemjua, hataki kelele. Anakaa ndani ya tundu kwenye mwamba, amejibana, amegeuza rangi yake ikawa ya jiwe, unaweza kumkanyaga kichwani ukaliomba radhi jiwe. Anayejua haangalii pweza, anaangalia takataka za mlangoni: maganda ya kaa, kome waliovunjwa, vijiwe vilivyopangwa. Pweza ni mtu msafi, anatupa uchafu nje, na usafi ndio unaomponza. Ukishaona mlango, unachomeka chuma polepole, unamtekenya, naye kwa hasira zake anakikumbatia, basi unamvuta nje na hasira zake zote.

Bi Nane alikuwa na matundu arobaini na matatu kichwani. Aliyapa majina ya nyumba yake, ili asiyasahau: Sebuleni, Jikoni, Stoo, Kibarazani, na moja lenye harufu mbaya ambalo jina lake tuliache. Lakini la kujivunia lilikuwa Chumbani. Hilo liko mwisho kabisa wa mwamba, pale unapokatika na bahari kuu inaanza. Mdomo wake mwembamba, ndani kumepanuka, na ukimtoa pweza leo, baada ya siku chache mwingine ameshahamia, tena mkubwa, kama nyumba ya kupanga iliyo karibu na soko. Chumbani alipewa na mama yake mzazi, mdomo kwa sikio, mama akiwa amelala kitanda cha mwisho. "Usimwambie mtu," mama alimwambia, "mpaka na wewe uwe umelala hivi." Mama hakuacha kingine cha maana, mikeke miwili na taa isiyo na utambi. Chumbani ndiyo ilikuwa urithi, na Bi Nane alipata kiburi kila alipofikiria kwamba katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyeaminiwa.

Siku moja moja alifika Chumbani akakuta patupu, pameshazolewa. Alijua nani amefanya hivyo: mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno, anayekula pweza nyumbani kwao. Bi Nane alimtukana mkunga huyo kwa miaka thelathini. Alipiga magoti mlangoni akamwita mwizi, mla vya wenzake, asiye na haya, na alipokuwa na nafasi alimtukania na ukoo.

Matusi mengine alimwekea wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake na ambaye naye alikuwa mvuvi wa pweza. Walikosana zamani kwa ajili ya sufuria. Wifi aliazima sufuria nzima akarudisha sufuria yenye tundu, au aliazima yenye tundu akalaumiwa kwa tundu, inategemea umekaa kwenye kibaraza cha nani. Tangu hapo walikuwa hawasemeshani ila kwa lazima, na lazima ilitokea kila siku.

Zamani pweza alikuwa jambo la wanawake. Wanaume wenye mashua waliwaona wakiinama kwenye mwamba wakacheka, wakasema hao wanaokota mawe. Halafu likaja lori lenye barafu. Mnunuzi akashuka, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, akatangaza kwamba mahoteli yanamtaka pweza, nchi za mbali zinamtaka pweza, ila awe wa kuanzia nusu kilo, chini ya hapo asiletewe. Ghafla wanaume nao wakaanza kuumwa migongo. Mwamba ukajaa watu kama stendi.

Nyuma ya lori akaja bwana samaki. Alikuwa na jina lake kifuani, kwenye kitambulisho, lakini ofisa wa samaki ni bwana samaki, nani ahangaike kusoma. Kijana mpole, mwenye miwani, aliyekuwa akiwabebea kina mama ndoo bila kuombwa. Alikuwa na daftari na mizani, na kila mama akitoka majini alimsimamisha amuulize maswali manne: Pweza ana uzito gani? Ana urefu gani? Dume au jike? Na umempata wapi?

Hapo penye swali la nne ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Inabidi ieleweke kwamba kwa wanawake wale, swali la "umempata wapi" lilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja tangu enzi za bibi zao: "Pale Uwanjani tu." Uwanjani ni sehemu pana ya mchanga katikati ya mwamba, ambako watoto hucheza mpira maji yakitoka. Hakuna jiwe, hakuna tundu. Pweza akionekana Uwanjani amepotea njia. Kila mtu alijua hivyo, na ndiyo maana lilikuwa jibu la heshima. Mwenzako akikuuliza, unamjibu Uwanjani, naye anaitikia, "Haya, hongera," mambo yanaisha. Huo si uongo. Mtu akikuuliza habari za asubuhi unamwambia nzuri hata kama jino limekunyima usingizi, na hakuna anayekuita mwongo. Kutaja tundu lako ndiyo ingekuwa aibu, kwa sababu walikuwa na neno lao: ukilitaja, umelihama.

Kwa hiyo bwana samaki aliuliza kwa adabu, akajibiwa kwa adabu. Miezi sita. Wanawake thelathini na mmoja.

Mwisho wa miezi sita aliwaita wote darasani, shule ikiwa imefungwa. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ubaoni alibandika ramani aliyoichora mwenyewe kwa rangi, na palipotoka pweza wengi amepapaka nyekundu. Mwamba wote ulikuwa mweupe. Chumbani kweupe. Uwanjani pamewaka kama pilipili.

"Mama zangu," alisema bwana samaki, sauti ikimtetemeka kwa furaha, "pweza mia nne na kumi na mbili wametoka Uwanjani. Mia nne na kumi na mbili! Wenzangu ofisini hawaamini. Wanasema pweza hapendi mchanga. Nimewaambia, huyu wa kwetu anaupenda."

Macho yote yalihamia sakafuni kwa namna ambayo angekuwa mzoefu angeshtuka. Bi Nane alijifinya paja.

Bwana samaki akaeleza mpango. Pweza anakua haraka, kama mtoto anayeachwa na sare kila muhula. Ukimpumzisha miezi mitatu tu, wa nusu kilo anakuwa wa kilo mbili. Sehemu nyingine za dunia wameshajaribu. Basi naye anaomba, kwa unyenyekevu, ile sehemu yenye pweza wengi kuliko zote ifungwe miezi mitatu. Anajua ni maumivu. Anajua anawaomba jambo gumu.

Aliyesimama wa kwanza ni wifi. Alijifuta jicho lililokuwa kavu. "Uwanjani ndiko tunakoishi," alisema. "Kutufungia Uwanjani ni kutukata mkono wa kulia. Lakini kwa ajili ya wajukuu wetu," na hapa akainua mkono wake wa kulia, "kateni."

Walipiga makofi. Bi Nane, asiyekubali kushindwa na wifi yake hata kwa unafiki, akasimama naye akasema itauma, lakini watavumilia. Mikono ikanyooshwa, thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja. Mama mmoja wa nyuma alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na bwana samaki alipoona jinsi anavyolia alivua miwani akaifuta.

"Sasa tunahitaji mlinzi," alisema.

"Bi Nane," wifi akadakia. "Hakuna anayepajua Uwanjani kama wifi yangu. Karibu atahamia huko."

Hivyo ndivyo Bi Nane alivyopewa kizibao cha rangi ya machungwa, filimbi, na karatasi yenye muhuri, alinde mchanga.

Wiki ya kwanza aliona aibu. Wiki ya pili aliizoea filimbi. Wiki ya tatu ilikuwa afadhali usimguse. Aliwapigia filimbi watoto na mpira wao. Alimpigia mbwa. Alimpigia wifi yake, aliyekuwa anakatiza na ndoo.

"Unavuka hifadhi!"

"Navuka mchanga, wifi."

"Mchanga wa hifadhi. Zunguka."

Wifi akazunguka, huku akisema maneno ambayo filimbi iliyafunika.

Lakini kazi ya kuvaa sare ina ubaya wake. Mtu akiwa na nguo yake ya kawaida, uongo anauweka popote. Akishavaa kizibao, uongo unamkaa kifuani, umeandikwa kwa herufi kubwa. Bi Nane alianza kuona vibaya kila bwana samaki alipopita na kumpungia mkono.

Na mwamba wenyewe, ule wa kweli, ulikuwa unaisha. Waume kwa wake walikuwa juu yake kila siku maji yakitoka, vyuma vinagonga kama karakana. Mwezi wa pili pweza walikuwa wadogo kama ngumi. Mnunuzi aliwarudisha mmoja mmoja, akipima na kukunja uso, lori likaondoka nusu tupu. Bi Nane alikwenda Sebuleni, hakuna mtu. Jikoni, hakuna. Akakaza mwendo kwa magoti yake mabovu mpaka mwisho wa mwamba, akainama Chumbani, akachomeka chuma.

Kikashikwa. Lakini kilichokishika kilikuwa mkono mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukakizunguka chuma taratibu, ukakiachia, ukakizunguka tena. Kilikuwa kitoto, kinacheza.

Bi Nane alichomoa chuma, akakaa chini juu ya jiwe. Katika maisha yake hakuwahi kumwacha pweza. Maji yalianza kurudi, yakamfika vifundoni, naye amekaa tu. Aliona jambo wazi kabisa na hakulipenda. Chumbani panahitaji kupumzishwa, la sivyo mwaka ujao patakuwa shimo kama mashimo mengine. Ili papumzishwe, lazima pafungwe. Ili pafungwe, lazima patajwe. Na ukilitaja, umelihama. Mama alimpa kitu kimoja, na njia pekee ya kukiokoa ilikuwa kukitoa hadharani mbele ya watu wote, akiwemo yule wifi wa sufuria. Aliona uchungu, halafu akafanya wanachofanya wengi wetu: akaamua kutoamua.

Siku nne kabla ya ufunguzi, bwana samaki alifika nyumbani kwake, akavuka magurudumu kwa kuinua miguu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, wewe ndiye mlinzi. Niambie ukweli. Umewaona?"

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Bi Nane alifungua mdomo na mdomo ukasema wenyewe, "Wamenona, mwanangu. Wanatembea kama ng'ombe."

Kijana aliruka juu. Alisema basi atamwalika mkuu wa wilaya mwenyewe, na mnunuzi alete lori kubwa. Mlangoni akageuka. "Ofisini walisema huu mpango ni ndoto. Nimewaambia, Uwanjani pasipotoka pweza, nirudisheni kupanga mafaili." Akacheka, kwa sababu aliona haliwezekani.

Bi Nane hakula siku ile. Alimwambia mwanawe ni tumbo.

Siku ya ufunguzi maji yalitoka vizuri, hata hayo hayakumsaidia. Viti vya plastiki vilipangwa mchangani, kipaza sauti kikafungwa kwenye betri, utepe ukavutwa. Mkuu alikuja na mabuti mapya, bei ingali imebandikwa kwenye kisigino. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka ukingo wa mchanga, milango yake imefunguliwa, barafu inafuka. Mkuu akakata utepe, watu wakapiga makofi, na wanawake thelathini na mmoja wakaingia Uwanjani na vyuma vyao kutafuta pweza.

Walitafuta kwa bidii, hilo lazima lisemwe. Walitoboa mchanga. Waliinama, wakasogea hatua mbili, wakainama tena. Mmoja aliinua jani la baharini akachungulia chini yake. Wifi alitega sikio chini, akatikisa kichwa, akaenda kutega kwingine. Baada ya nusu saa vilikuwa vimepatikana kandambili moja ya mguu wa kushoto, mpira wa watoto, na kaa mmoja aliyepita akiwa na safari zake.

"Hawa pweza," mkuu aliuliza, "wanatoka saa ngapi?"

Mnunuzi alitazama saa, akamwonyesha dereva kwa kidole, na injini ya lori ikawashwa. Bwana samaki alikuwa anapekua daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kuwa alikuwa bado ameshika kipaza sauti watu wote walimsikia akijisemea, "Lakini mia nne na kumi na mbili... mia nne na kumi na mbili..." Akainua uso, akamtafuta Bi Nane, akamwona.

"Mama," alisema. "Si uliwaona?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Bi Nane angejitetea mpaka jioni, kwa kujitetea alikuwa hodari. Alisema kama mtu anayeomba ashikwe mkono, na hilo lilimmaliza.

Bi Nane alipuliza filimbi. Aliipuliza kwa nguvu hata dereva akazima injini.

"Mwanangu, hapa hapana pweza," alisema. "Hapajawahi kuwa na pweza tangu Mungu aumwage mchanga huu. Ulituuliza tumewapata wapi, tukakujibu Uwanjani, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Hatukukudanganya. Ilikuwa ni adabu."

"Adabu," alisema mkuu, polepole.

"Adabu, mheshimiwa. Sasa adabu imeisha." Akamgeukia bwana samaki. "Andika. Mwisho wa mwamba, unapokatika. Kuna jiwe lina umbo la kiti. Simama hapo, utazame bahari kuu, hesabu hatua kumi na saba. Kuna tundu, mdomo mwembamba, ndani pamepanuka. Mimi napaita Chumbani. Pweza wako pale, na wakivuliwa hivi mwakani hawatakuwepo. Kafungeni pale. Alinipa mama yangu akiwa kitandani kwake, mimi peke yangu, hata mwanangu wa kumzaa sijamwambia."

Alijiona mtupu, kama aliyetolewa vyombo nje.

"Kumi na tisa," alisema mtu.

Alikuwa wifi.

"Nini?"

"Hatua. Kumi na tisa. Labda wewe na hiyo miguu yako mirefu ndiyo kumi na saba, lakini mtu wa kawaida ni kumi na tisa."

Bi Nane alimtazama. Miaka thelathini ilimpita kichwani, asubuhi zote zile alizokuta patupu, magoti yake kwenye jiwe, na ukoo mzima wa samaki wa watu aliokuwa ameutukana bure.

"Kumbe mkunga ni wewe!"

"Na nilikuwa nasikia," alisema wifi. "Mara nyingine sijafika mbali. Nilikuwa nasikia kila neno."

Mkuu ndiye aliyeanza kucheka, kiti chake kikizama mguu mmoja mchangani, na akishacheka mkuu watu wengine wanapata ruhusa. Halafu yule mama wa nyuma akasema, maadamu mambo yamefikia hapo, yeye la kwake liko nyuma ya mwamba uliopasuka, na mwenzake akaruka, "La kwako wapi? Hilo ni langu!" Ukazuka ugomvi. Kila tundu lililotajwa lilikuwa na mama wawili, watatu, moja lilikuwa na watano, na kila mmoja alikuwa amelificha kwa wenzake. Bwana samaki aliweka daftari juu ya boneti ya lori akawa anaandika mpaka kalamu ikaisha, akaazima ya mnunuzi kutoka sikioni. Mnunuzi alisema anawapa miezi mitatu mingine, na akirudi akaonyeshwa mchanga tena, ataenda kununua kuku.

Bi Nane hakucheka. Alimfuata wifi nyuma ya lori, ambako barafu ilikuwa inadondoka matone.

"Nani alikuambia?"

"Mama yako."

"Mwongo."

"Ulikuwa hospitali," alisema wifi, "unajifungua huyo fundi wako, na njia imekatika kwa mvua. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye. Siku ya tatu alidhani hatafika kesho, akanishika hapa," akajishika mkono juu ya kiwiko, "akaniambia yote, jiwe, hatua, mdomo. Akasema, mpelekee mwanangu, asije akarudi asikute kitu. Halafu ukarudi, naye bado yupo. Nikaona atakuambia mwenyewe. Baada ya maziko nikaja ili nihakikishe. Ukanifungia mlango kwa ajili ya sufuria."

"Ilikuwa na tundu."

"Ilikuwa na tundu tangu mwanzo! Basi nikasema, na mimi ni binadamu. Nikawa nakwenda siku ambazo najua magoti yako yanauma. Sijawahi kukutangulia kwa makusudi hata siku moja."

Bi Nane alisimama akitazama matone ya barafu. Liliuma. Kwa miaka yote hiyo alijiona mteule, na kumbe mama alikuwa mgonjwa mwenye hofu, anayemkabidhi ujumbe yeyote aliyekuwa karibu na kitanda. Halafu, akiwa angali amesimama, uchungu ule ukageuka bila yeye kuugeuza. Mama alikuwa anamtafuta yeye. Hakuwa na wa kumtuma ila wifi, akamtuma wifi.

"Aliumwa sana?" aliuliza. Hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Siku mbili za kwanza. Baadaye alikuwa anazungumza tu. Alikuwa anacheka ile habari ya harusi yako." Wifi akamvuta kizibao, akakinyoosha begani. "Twende, watamaliza soda."

Ramani mpya ilichorwa, na mwisho wa mwamba ukawa mwekundu. Ulifungwa miezi mitatu. Kura safari hii haikuwa thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja, walikuwepo waliolia machozi ya kweli, na bwana samaki akasema hiyo ndiyo dalili nzuri. Walinzi walikuwa wawili, Bi Nane na wifi yake, kwa sababu hakuna aliyemwamini mmoja. Waligombania filimbi tangu siku ya kwanza, ikabidi inunuliwe ya pili, na kuanzia hapo kila mmoja alimpulizia mwenzake.

Siku ya kufungua, lori lilikuja bila mkuu na bila utepe. Desturi mpya ni kwamba walinzi huingia kwanza, wengine wakisubiri nyuma ya kamba. Bi Nane na wifi yake walitembea mpaka jiwe lenye umbo la kiti, mmoja akahesabu kumi na saba, mwingine kumi na tisa, wakafika mahali pamoja. Mlangoni palikuwa na rundo la maganda ya kaa, mapya kabisa, na kome wakubwa wamepasuliwa katikati. Ndani, kwenye giza, kitu kizito kilijigeuza. Jicho moja liliwatazama.

"Mama yangu," alinong'ona wifi.

Bi Nane alikuwa ameshapiga goti na chuma kiko mkononi. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akainuka, kwa shida, akishika bega la mwenzake, akajisogeza pembeni.

"Tangulia wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeambiwa kwanza."

Wifi alimkodolea macho. "Hayo utayasema mbele za watu?"

"Thubutu."

Wifi akacheka, akapiga goti, akachomeka chuma.